Georgetown na Deni la Mwaka 1838

(Hotuba kwa wanafunzi na walimu, Tabora)

Mapadri, masista, walimu wenzangu, wazee wetu mlioacha shughuli zenu mkaja, na ninyi wanafunzi ambao ndio wenye kikao: mwangaluka. Itifaki naomba ichukuliwe kuwa imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo adhuhuri itatukuta bado niko meza kuu.

Nimeombwa nizungumzie historia na ukuaji wa vyuo vikuu vya Wajesuiti. Mada ni pana mno. Shirika la Yesu, yaani hao Wajesuiti, lina vyuo karibu kila bara. Hapa jirani, Nairobi, wana Hekima tangu 1984, na kwetu wengi mnawafahamu kwa shule zao, Loyola ya Dar es Salaam na Mtakatifu Petro Claver ya Dodoma. Mimi nimechagua kampasi moja tu, Georgetown, iliyoko Washington, mji mkuu wa Marekani. Ndicho chuo kikuu cha Kikatoliki kilicho kikongwe kuliko vyote nchini humo. Lakini si ukongwe ulionivuta. Kilichonivuta ni kwamba chuo hiki kimelazimika kujibu hadharani swali ambalo sisi watu wa Tabora tulipaswa kuwa wa kwanza kuliuliza: majengo haya, nani alilipa?

Aliyekianzisha anaitwa John Carroll, mzaliwa wa Maryland. Alikuwa Mjesuiti, lakini Mjesuiti asiye na shirika, kwa kuwa mwaka 1773 Papa Klementi wa 14 alilifuta Shirika la Yesu lote. Lilirudishwa mwaka 1814 tu. Kwa hiyo Carroll alianza kupanga shule yake wakati shirika lake lenyewe halipo tena kwenye karatasi. Hati ya kiwanja, juu ya kilima kinachoutazama mto Potomac, ina tarehe 23 Januari 1789, na hiyo ndiyo wanayoihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa chuo. Mwaka huohuo Carroll akawa askofu wa kwanza wa Kikatoliki wa Marekani. Mwanafunzi wa kwanza, kijana wa miaka 13 kutoka North Carolina aitwaye William Gaston, aliingia 1791.

Carroll alisema tangu mwanzo kuwa shule itapokea vijana wa dini zote. Msilipite jambo hili haraka. Katika makoloni yale, Wakatoliki walikuwa wamewahi kunyimwa haki ya kuwa na shule zao. Mtu aliyefungiwa mlango akipata mlango wake mwenyewe, mara nyingi naye huufunga. Carroll hakuufunga, angalau kwa upande wa dini. Pande nyingine tutazifikia.

Jengo la kwanza halipo tena, lilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20. La pili, linaloitwa Old North, la mwaka 1795, bado linatumika, na George Washington mwenyewe alifika pale 1797. Mwaka 1815 Rais James Madison alitia saini sheria ya Bunge iliyokipa chuo haki ya kutoa shahada. Aliyepeleka muswada huo bungeni ni yuleyule Gaston, mwanafunzi namba moja, ambaye sasa alikuwa mbunge. Walimu mlioko hapa mnacheka, nawaona. Kila mmoja wetu ana mwanafunzi wa namna hiyo anayemsubiri arudi na kitu mkononi.

Mpaka hapa nimewasomea historia ya vipeperushi. Kila chuo kinayo: mwanzilishi, kilima, jengo, mgeni mashuhuri. Sasa tufungue daftari la mahesabu.

Wajesuiti waliingia Maryland mwaka 1634 pamoja na walowezi wa kwanza. Hawakuwa na mfadhili wa kudumu wa kuwatumia fedha kutoka Ulaya. Walichokuwa nacho ni ardhi: mashamba makubwa yenye majina kama St. Inigoes, White Marsh, Newtown na St. Thomas Manor. Kwenye mashamba hayo walilima tumbaku na nafaka, na waliolima walikuwa watumwa, Waafrika na watoto wa Waafrika. Walibatizwa, walifungishwa ndoa kanisani, watoto wao waliandikwa kwenye vitabu vya parokia, na bado walikuwa mali. Padri aliyewapa komunyo Jumapili ndiye aliyewamiliki Jumatatu.

Hapa sina haja ya kueleza sana, nikiwa mkoa huu. Mliotoka Urambo, Kaliua na Sikonge mnajua tumbaku inavyomla mtu: kitalu, kupandikiza, kukata vikonyo, kuchuma, kupanga kwenye bani la kukaushia, kukesha na moto usizidi wala usizime. Mnajua pia inavyoila ardhi. Ndivyo ilivyokuwa Maryland. Kufikia miaka ya 1830 udongo ulikuwa umechoka, mashamba hayalipi, na chuo kule kilimani kilikuwa kimeelemewa na deni la majengo. Thomas Mulledy, aliyekiongoza chuo na baadaye akawa mkuu wa Wajesuiti wa Maryland, alikuwa mtu wa kujenga. Wajenzi wa aina hiyo tunawajua, hupenda jiwe la msingi kuliko stakabadhi.

Kulikuwa na mjadala wa kweli miongoni mwa mapadri. Wapo waliosema watumwa waachwe huru. Wapo waliosema wabaki mashambani, kwamba kuwauza ni dhambi. Na wapo, Mulledy akiwa mbele pamoja na William McSherry, waliosema wauzwe wote kwa mkupuo. Mkuu wa Shirika kule Roma, Padri Jan Roothaan, hatimaye aliruhusu, ila kwa masharti: familia zisitenganishwe, waruhusiwe kuendelea na dini yao, na fedha zitakazopatikana zisitumike kulipa madeni.

Mwezi Juni 1838 mkataba ulitiwa saini. Watu 272, wazee, akina mama na watoto wachanga wakiwemo, waliuzwa kwa wanunuzi wawili wa Louisiana, Henry Johnson, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hilo, na Jesse Batey. Bei ilikuwa dola 115,000. Katika malipo ya kwanza, dola zipatazo 17,000 zilikwenda kupunguza deni la Georgetown. Familia zilitenganishwa. Huko walikopelekwa, kwenye mashamba ya miwa na pamba, wengi hawakupata padri. Yaani masharti yote matatu yalivunjwa, na lile la fedha ndilo lililovunjwa mapema kuliko yote. Mulledy aliitwa Ulaya kujieleza na akaondolewa kwenye uongozi. Hakufukuzwa. Baadaye alirudi Marekani, na jengo moja pale chuoni likapewa jina lake.

Jina la kwanza kwenye orodha ya mauzo ni Isaac, mzee wa miaka 65. Jina lake kamili ni Isaac Hawkins. Mjukuu wake Cornelius alikuwa na miaka kama 13, umri uleule aliokuwa nao Gaston alipoandikishwa kuwa mwanafunzi wa kwanza. Mmoja alipanda kile kilima kwenda kusoma, mwingine alipakiwa kwenye meli ili deni la kilima lipungue.

Nimekaa sana hapa, na najua ratiba inasema "ukuaji". Basi tuendelee kukua.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, chuo nusura kife. Wanafunzi na wahitimu zaidi ya elfu moja walikwenda vitani, wengi wao upande wa Kusini, na majengo yakageuzwa kambi na hospitali ya majeruhi. Baada ya vita wakachagua rangi mbili za chuo, buluu na kijivu, rangi za sare za majeshi mawili yaliyopigana, ziwe ishara ya kupatana. Wazungu wa Kaskazini walipatana na Wazungu wa Kusini. Hao 272 hawakuwa na rangi yao kwenye bendera ile.

Halafu anakuja mtu ambaye Georgetown yote inamwita mwanzilishi wa pili. Patrick Francis Healy alizaliwa Georgia mwaka 1834. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ireland mwenye shamba, na mama yake, Mary Eliza, alikuwa mtumwa wa huyohuyo baba. Kwa sheria ya Georgia ya wakati huo mtoto alifuata hali ya mama. Kwa hiyo Patrick na ndugu zake wote walizaliwa watumwa. Baba aliwapeleka Kaskazini wakasome, wakalelewa na Kanisa. Kaka yake James alikuja kuwa askofu. Patrick alijiunga na Wajesuiti, akasoma Louvain huko Ubelgiji hadi akapata shahada ya udaktari, na mwaka 1874 akawa rais wa Georgetown. Watu wengi walimwona kama Mwairishi, ngozi yake ikimruhusu, na yeye hakuwasahihisha. Sitamhukumu. Mwaka ule, mji ule, mtu alichagua kati ya kunyamaza na kupoteza kila kitu.

Healy ndiye aliyeigeuza shule ya bweni kuwa chuo kikuu. Alitilia mkazo sayansi, akazibana pamoja shule za udaktari na sheria ambazo zilikuwa zikijiendesha kila moja kivyake, na kuanzia 1877 akajenga jengo kubwa la mawe lenye mnara mrefu unaoonekana ng'ambo ya mto. Wasanifu wake, Smithmeyer na Pelz, ndio waliosanifu pia Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwa nje lilisimama 1879. Kwa ndani? Ukumbi wake mkuu ulikamilika 1901, Healy akiwa ameshaacha urais tangu 1882 kwa sababu ya afya, na deni limebaki. Hilo lilikuwa deni la aina nyingine, la benki na la kuzunguka na bakuli hadi California, si la kuuza watu. Lakini hebu litazameni hili. Chuo kilichookolewa kwa kuuza watumwa kilikuzwa na mtoto wa mtumwa, na mtoto huyo, kama angejitambulisha kwa mama yake, asingeweza hata kuandikishwa darasa la kwanza la chuo hicho. Mwanafunzi Mweusi wa kwanza kuhitimu shahada ya kwanza pale alihitimu 1953. Wanawake waliruhusiwa kikamilifu katika kitivo kikongwe cha chuo mwaka 1969.

Karne ya 20 nitaipitia mbiombio. Mwaka 1919 Padri Edmund Walsh alianzisha shule ya diplomasia, ambayo ndiyo imekifanya chuo kijulikane duniani. Bill Clinton alihitimu pale 1968. Hospitali ilikua, maabara zikaongezeka, na mwaka 2005 wakafungua kampasi Qatar, ambako wanafunzi wengi wanatoka mataifa ya Kiislamu na ya Asia. Carroll na dini zake zote angefurahi. Mwaka 2001 rais akawa mlei, yaani mtu asiye padri, kwa mara ya kwanza, John DeGioia, na ni chini yake daftari la 1838 lilipofunguliwa.

Nasema "lilipofunguliwa", lakini halikuwa limefichwa. Wanahistoria walilijua miaka yote, karatasi zilikuwepo kwenye nyaraka za Wajesuiti wa Maryland, kurasa kwa kurasa. Kilichokosekana ni mtu wa kukasirika. Mwaka 2015, jengo la Mulledy lilipokuwa linakarabatiwa ili wanafunzi walale humo, vijana waliuliza huyu Mulledy ni nani. Novemba mwaka huo wakaketi nje ya ofisi ya rais na kukataa kuondoka mpaka jina lifutwe. Lilifutwa ndani ya siku chache. Wengine wakauliza swali gumu zaidi: hao watu 272 walikwenda wapi, na wajukuu wao wako wapi?

Hapo ndipo karatasi za Wajesuiti zilipofanya kazi ambayo waandishi wake hawakuikusudia. Kwa kuwa walikuwa mapadri, waliandika. Waliandika majina, umri, nani mtoto wa nani. Orodha ya abiria wa Katharine Jackson, meli iliyowabeba baadhi yao, ilikuwepo. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya Maryland vililinganishwa na vya Louisiana. Watafiti wakafika kijiji cha Maringouin, Louisiana, na kukuta kaburi la Cornelius Hawkins, yule kijana wa miaka 13, aliyekufa mwaka 1902 akiwa bado Mkatoliki. Watoto wa ukoo wake walikuwa bado wanasali parokia ileile. Maelfu ya wazao wamepatikana tangu hapo. Wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina la Georgetown nje ya mpira wa kikapu.

Tarehe 18 Aprili 2017 palifanyika ibada ya toba chuoni. Mwakilishi wa Wajesuiti, Padri Timothy Kesicki, aliomba radhi mbele ya wazao wa waliouzwa. Jengo la Mulledy likaitwa Isaac Hawkins. Jengo jingine, lililokuwa na jina la McSherry, likapewa jina la Anne Marie Becraft, mwanamke Mweusi huru aliyefungua shule ya wasichana Weusi mtaani Georgetown akiwa binti wa miaka 15 hivi, na baadaye akawa mtawa. Huyu Becraft, kwa maoni yangu, anastahili jengo hata kama 1838 isingetokea.

Radhi ni jambo moja na fedha ni jambo jingine. Mwaka 2019 wanafunzi wenyewe walipiga kura wajitoze dola 27.20 kila muhula kwa ajili ya wazao. Tarakimu hiyo mnaielewa imetoka wapi. Karibu theluthi mbili waliunga mkono. Uongozi haukukubali kuiweka kwenye ada, ukaahidi badala yake kutafuta michango ya kama dola 400,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 Wajesuiti wa Marekani waliahidi dola milioni 100 kwa mfuko wa pamoja na wazao, wakaanza na milioni 15. Viongozi wa wazao wamelalamika kwamba zilizobaki zinakuja kwa mwendo wa kobe. Mimi nawaelewa. Mauzo ya 1838 yalikamilika upesi kuliko malipo haya.

Sasa Tabora.

Ninyi mnaoita mji huu Toronto kwa utani, jueni kwamba zamani ulikuwa na jina kubwa kwa sababu nyingine. Hapa Unyanyembe ndipo njia ya Bagamoyo ilipogawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine kwenda Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu na watu vilipita hapa. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872 akisubiri wapagazi, na tembe lake mnawapeleka watoto wa shule kulitazama. Msiwachanganye wapagazi na watumwa. Wanyamwezi wengi walibeba mizigo kwa ujira, walijua bei yao na waligoma walipopunjwa. Lakini pia tusijisafishe kwa kusema biashara ile ilikuwa ya Waarabu peke yao. Watemi waliuza. Wafanyabiashara wetu walinunua watu na kuwaweka kulima mashamba nyumbani wakati wenyewe wako safarini pwani.

Mapadri Weupe, shirika jingine la wamisionari wa Kikatoliki, walifika njiani hapa kuanzia 1878, wakafungua Ujiji na Kipalapala. Walikomboa watoto sokoni, yaani walitoa vitambaa au fedha wakampata mtoto, wakamlea kwenye kituo cha misheni. Mtoto wa namna hiyo aliyezaliwa Afrika Magharibi na kukombolewa Algeria, Adrian Atiman, walimsomesha udaktari Malta, akaja Karema ziwani mwaka 1889, akatibu watu hadi alipofariki 1956. Atiman tunamjua. Wale wa Kipalapala je? Wako wapi wajukuu zao? Wanasoma hapa chuoni, sina shaka, na hawajui.

Tuna kitu ambacho watu hawakitumii. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliagiza kila kituo kiandike shajara, siku kwa siku. Vitabu vya ubatizo vya misheni za kanda hii vina majina, umri wa kukisia, na mara nyingine kabila au mahali mtoto alikotoka. Tabora School ilifunguliwa 1922 kwa ajili ya watoto wa watemi, Mwalimu Nyerere akasoma humo. St. Mary's, alikofundisha baada ya Makerere, ina daftari zake. Nani alifyatua tofali za shule hizo, kwa ujira gani, na nani alikatwa kodi ili zijengwe? Hapa mjini tuna chuo chenye jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo, mwana wa nchi hii. Kwa nini historia yake tuisubiri iandikwe na mgeni atakayekuja na kibali cha utafiti cha miezi sita?

Pendekezo langu ni dogo na linaweza kuanza wiki ijayo. Idara ya historia iombe ruhusa ya jimbo kuu kunakili vitabu vya ubatizo vya kabla ya 1914, mwaka reli ilipofika Kigoma, na misafara ya miguu ikabaki kwenye simulizi. Wanafunzi wawili wawili, kitabu kimoja kila jozi, kalamu ya risasi na si ya wino, simu zikiwa zimezimwa mwanga wake. Wengine waende kwa wazee Kwihara, Itetemia na Ipuli na kuuliza majina ya mababu mpaka pale mzee anaponyamaza. Mahali anaponyamaza paandikwe pia, na tarehe.

Wanaotaka kushiriki wabaki baada ya maswali. Asanteni kwa kunisikiliza.